Msaada: Spätzle zangu za boga zinayeyuka sufuriani, na Jumapili nina mwaliko

Binti_wa_Pangani:
Wakuu habarini za jioni. Niko Reutlingen, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, nimepanga chumba juu kwa bibi mmoja Mswabia, yaani mwenyeji wa huku kusini-magharibi mwa Ujerumani.

Kwa wasiozijua, Spätzle ni tambi za mayai za Waswabia, fupi, zilizojikunjakunja. Za nyumbani hazikaushwi. Rojo ya unga inadondoshewa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Huku wanazila kama sisi tunavyokula wali: kwa mchuzi wa nyama, kwa adesi, au na jibini tu na vitunguu vya kukaanga.

Za kawaida ninaziweza. Unga gramu 400, mayai manne na la tano la nyongeza, chumvi, maji kidogo. Bibi ndiye aliyenifundisha, ingawa vipimo vyake vyote ni vya macho. Sasa ni Oktoba, sokoni ni maboga matupu, mdomo ukaniponza: nikamwambia Jumapili nitashuka na Spätzle za boga. Jana nikajaribu. Nikachemsha boga, nikaliponda, nikachanganya na vipimo vyangu vilevile. Rojo ikapendeza, rangi ya embe dodo. Kuikamulia kwenye maji, mara sufuria nzima uji wa manjano. Nikaongeza unga, zikatoka ngumu kama raba.

Nakosea wapi? Na kama kuna anayezibadilisha kwa majira mengine ya mwaka, atupie hapa. Natanguliza shukrani.

Mkazi_wa_Neckar:
Pole dada. Kosa ni mawili na yote ni maji. Boga la kuchemsha limeshakunywa maji, halafu wewe ukaongeza mengine.

Tafuta Hokkaido, lile dogo la rangi ya chungwa, ganda lake linaliwa kwa hiyo usihangaike kumenya. Likate vipande, lioke kwenye oveni mpaka lilainike na kingo zianze kukauka. Lisage, liache lipoe. Kwa unga gramu 400 weka boga gramu 250 na mayai manne. Maji usitie hata tone mpaka uone rojo inakataa kabisa kusogea. Chumvi, na kungumanga ya kukwaruza.

Unga wa Type 405, ule mweupe wa ngano wa kawaida, unafaa, ila madukani huku kuna unga maalumu wa Spätzle wenye chenga zaidi kidogo. Huo haufanyi mabonge.

Sharifa_Mvita:
Mimi Ujerumani sijafika, nauliza kama mpishi wa kaimati. Huo unga uliupiga au uliukoroga tu?

Binti_wa_Pangani:
Dada Sharifa, niliukoroga kwa uma. Niliogopa ukipigwa sana utakuwa mgumu, kama keki.

Sharifa_Mvita:
Basi hapo tena. Keki ni keki. Unga wa kaimati ukiukoroga kwa adabu hupati kitu, unaupiga kwa mkono mpaka bega liume na unga wenyewe uanze kutoa mapovu. Hiki chenu kinadondoshewa kwenye maji ya moto badala ya mafuta, lakini kikiwa hakijashikana si kitasambaratika?

Mkazi_wa_Neckar:
Dada Sharifa umemaliza. Wazee wa huku wana mwiko wa mbao wenye tundu katikati kwa kazi hiyohiyo. Unapiga mpaka mapovu yatokee, unaacha rojo ipumzike nusu saa, unapiga tena kidogo. Ukiinua mwiko, rojo ishuke polepole kama ulimi mrefu, isikatike haraka. Ikitiririka kama maziwa, ongeza unga. Ikibaki imeganda kwenye mwiko, ongeza kijiko cha maji.

Halafu kabla ya kumwaga yote, kamua kidogo tu kwanza, uonje. Mimi hilo nilijifunza baada ya kumwaga kilo nzima. Maji yachemke yakiwa na chumvi, kisha punguza moto, yasirukeruke. Zikielea, zipe dakika moja, ziopoe.

Mzee_wa_Ulm:
Nimeoa huku, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nitasema wasichotaka kusikia vijana: boga ndani ya Spätzle ni mambo ya mikahawa. Spätzle ni unga, mayai, chumvi na maji. Jina la Spätzle za Swabia lina ulinzi wa Umoja wa Ulaya tangu 2012, ujue watu wana wivu nalo.

Majira yanakaa kwenye kinachoambatana nazo. Kiangazi weka uyoga wa Pfifferlinge na krimu. Baridi ikianza, adesi zilizotiwa siki. Hicho ndicho chakula cha Mswabia hasa, pamoja na soseji kwa anayekula. Januari sisi hupika Gaisburger Marsch, supu ya nyama ya ng'ombe yenye viazi na Spätzle katika bakuli moja. Mara ya kwanza niliuliza kwa nini wanga kwa wanga, mama mkwe akaniangalia tu. Sikuuliza tena.

Mkazi_wa_Neckar:
Shikamoo mzee, lakini Leberspätzle je? Maini ya kusaga yanachanganywa humohumo kwenye unga, yanaliwa kwenye supu, na hizo hazikuletwa na vijana.

Mzee_wa_Ulm:
Marahaba. Maini ni jambo jingine.

Nesi_Tübingen:
Maini ni jambo jingine, haya 😂

Binti, mimi nakupa za masika ya huku, Machi mpaka Mei. Msituni kunaota Bärlauch, majani yenye harufu ya kitunguu saumu. Chukua gramu 100 hivi, yasage pamoja na mayai manne, ndipo umimine kwenye unga. Yakisagwa na mayai rangi inakuwa kijani moja, hayaachi nyuzinyuzi zinazoziba matundu ya kikamulio, kile chombo cha kukamulia rojo majini.

Ila usichume kwa kubahatisha. Yanafanana na majani ya Maiglöckchen na Herbstzeitlose, na zote mbili ni sumu, ya pili inaua. Harufu peke yake haitoshi, kwa sababu ukishachuma majani matano vidole vyako vyote vinanuka kitunguu na kila jani litanukia. Angalia shina: Bärlauch kila jani lina kikonyo chake kutoka ardhini, na upande wa chini haung'ai. Kama ni mara ya kwanza, nunua sokoni. Tayari tuna kazi ya kutosha wodini.

Chopa_wa_Temeke:
Nafuatilia kutoka Dar. Huku hicho kikamulio sina na sitarajii. Kuna njia?

Sharifa_Mvita:
Huna mashine ya tambi za dengu kwenu? Weka kisahani chenye matundu makubwa kuliko yote.

Mkazi_wa_Neckar:
Matundu ya tambi za dengu ni membamba kwa kazi hii, yatakutesa. Chopa, chukua chujio la bati lenye matundu makubwa, liweke juu ya sufuria, sukuma rojo kwa mgongo wa kijiko. Zitatoka za mviringo, huku zinaitwa Knöpfle, ni ndugu wa damu. Fanya haraka, mvuke usije ukaivisha rojo ikiwa bado juu ya chujio. Ukimaliza loweka chujio kwenye maji BARIDI. Ya moto yatapikia yai kwenye matundu, utakwangua mpaka kesho.

Binti_wa_Pangani:
MREJESHO.

Wakuu, jana ndiyo ilikuwa siku. Boga nimelioka, maji sikutia, nimepiga mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipojaribu kidogo zikashikana vizuri kabisa.

Nikashuka na bakuli la rojo na kikamulio. Bibi akaangalia kikamulio, akakirudisha kwenye mfuko wangu, akatoa ubao wake. Ubao huo una mpini, na ncha yake imechongwa ikawa nyembamba. Unaulowesha, unapaka rojo juu yake, unakata nyuzi kwa kipangusio na kuzisukumia majini. Yeye mkono wake unakwenda kama anayeandika. Zangu zilitoka vidole, si nyuzi. Tukazila hivyohivyo, zake upande mmoja wa sahani, zangu upande mwingine, na siagi na vitunguu vya kukaanga. Zangu aliongeza mara mbili. Mzee wa Ulm, samahani.

Leo asubuhi kiporo nimekikaanga kwa siagi na yai nimebeba kazini. Ubao ameniachia mpaka Jumapili ijayo, amesema nianze na za kawaida.

Chopa_wa_Temeke:
Chujio limefanya kazi. La mama limepinda kidogo lakini limefanya kazi. Jibini huku bei, nimekula na mchuzi wa maharage ya nazi.

Mzee_wa_Ulm:
Maharage ya nazi sawa. Hayakuingia ndani ya unga.