Maandishi ya Shangazi tuyaweke wapi

Shangazi: Habari za jioni wapendwa. Nina jambo. Kompyuta leo imejizima mara tatu, mara ya mwisho imewaka kwa shida sana. Humo ndani kuna yale ninayoandika tangu mwenzangu atangulie mbele za haki, sina nakala popote. Niyaweke wapi yasipotee na mtu asiyasome?

Mdogo wangu: Shikamoo shangazi pole jamani. Si uyatume hapa hapa grupuni kila mtu akae nayo

Shangazi: Marahaba mwanangu. Hapa hapana. Nimeandika habari za watu wa humu humu, siku nyingine nilikuwa na uchungu, siku nyingine nilikuwa sijui ninalosema. Sitaki mtu asome akaumia

Mama: Wifi una haki kabisa

Baba: Dada jitumie mwenyewe kwa imeili, mi ndo nafanya na vyeti vyangu miaka yote

Mimi: Shikamooni. Shangazi kabla hatujabishana lolote chukua flashi sasa hivi ukopi foda lote, usisubiri kesho, kompyuta inayojizima hivyo usiiamini hata usiku mmoja. Tukijua lipo sehemu mbili ndo tuongee kwa utulivu

Shangazi: Nakopi

Mimi: Baba, imeili ni afadhali kuliko kukosa kabisa ila ile faili ikikaa kule funguo anazo mwenye huduma, na mtu akijua paswedi yako ya imeili keshasoma kila kitu. Vyeti sawa, ila maandishi ya moyoni mi singeweka hivyo

Mdogo wangu: Basi aweke foda lake lijisinki na wingu, yaani lijikopi lenyewe mtandaoni, dada we si ndo ulikuwa unafanya ivo na mashairi yako

Mimi: Ndo nilivyoyapoteza. Nilikuwa na mashairi ya miaka minne, simu ikajaa nikafuta foda nikijua yapo juu, kumbe kusinki maana yake ni kuiga, ukifuta huku na kule kunafutika, nimekuja kuyatafuta baada ya miezi mitatu pipa la taka la kule lilishajisafisha zamani. Nililia wiki nzima na mpaka leo kuna moja nalikumbuka mistari miwili tu. Kwa iyo nawaambia kwa moyo wote, kusinki sio bakapu. Bakapu ni nakala inayobaki hata ukikosea

Mama: Pole mwanangu, mbona hukutuambia

Mimi: Nilishindwa mama

Shangazi: Imekopi. Faili 412

Baba: Alhamdulillah

Mimi: Afadhali! Sasa wapiga picha wana kanuni wanaiita 3-2-1, nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 iwe mbali na nyumba unayolala, maana moto au mwizi akija anachukua kompyuta na flashi kwa pamoja. Ya kwako shangazi iwe kompyuta, hadi diski ya nje, na moja kwenye wingu ila ikiwa imefungwa kabla haijapanda. Flashi iwe ya kusafirishia tu. Na hadi diski ukishakopi uichomoe, kuna virusi vinafunga mafaili yote ya kompyuta na chochote kilichochomekwa halafu wanadai pesa

Mdogo wangu: Kufunga si kuweka paswedi kwenye Word tu?

Mimi: Faili moja sawa, Word za kuanzia 2007 kufuli lake ni zuri, zile za zamani za .doc ndo zilikuwa dhaifu. Ila mafaili 412 utafunga moja moja mpaka lini. Kuna programu inaitwa Cryptomator, inatengeneza foda kama sanduku, unachotumbukiza kinafungwa hapo hapo kwenye kompyuta yako ndo kinapanda, kule juu wanaona matakataka tu yasiyosomeka. Na kuna VeraCrypt hiyo nzuri kwa hadi diski. Zote za bure na msimbo wake uko wazi wataalamu wanaukagua. Ila kwa shangazi mi nasema Cryptomator pekee, sanduku lile lile unalikopi na kwenye diski, vitu viwili tofauti vitamchosha aache

Shangazi: Na paswedi nikiisahau?

Mimi: Hapo ndo penyewe shangazi. Ukisahau hakuna wa kumpigia, waliotengeneza wenyewe hawawezi kufungua. Kufuli linalomzuia mwizi litakuzuia na wewe

Baba: Hiyo inatisha kuliko mwizi

Mimi: Ndo maana inaandikwa kwenye karatasi, mtandao hauwezi kuiba karatasi. Fungua kamusi ukiwa umefumba macho, dondosha kidole, mara sita, maneno sita usiyoyachagua wewe. Sio tarehe ya ndoa, sio methali, wanajaribu hizo kwanza. Andika karatasi mbili, moja kwako moja kwa mtu unayemwamini

Shangazi: Na siku nikiondoka mimi?

Mama: Wifi usiseme hivyo

Shangazi: Lazima niseme. Kuna sehemu ninataka watoto wasome, namna tulivyoanza maisha, marehemu alivyokuwa akicheka. Na kuna sehemu ni yangu na Mungu wangu

Mimi: Basi tengeneza masanduku mawili shangazi, kila moja na paswedi yake. La kwanza karatasi ya pili unampa mtu. La pili karatasi zote unazo wewe, zisipopatikana ukiondoka limefungwa moja kwa moja, hakuna atakayelifungua na sisi hatutauliza

Baba: Dada hapo mtoto kasema

Shangazi: Wifi, hiyo karatasi ya la kwanza utanitunzia? Ndani ya bahasha iliyofungwa

Mama: Kwa mikono miwili. Sitaifungua

Mimi: Halafu jambo moja jamani, watu wengi wanaishia hapo. Chukua sanduku kutoka kwenye wingu ulifungue kwenye kompyuta NYINGINE kabisa, kwa paswedi ya kwenye karatasi sio ya kichwani. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua bado huna uhakika kama unayo. Ntakuja jumamosi tufanye wote

Jumamosi

Shangazi: Limefunguka kwenye laptopu ya mwanangu. Nimesoma ukurasa wa kwanza nimeshindwa kuendelea

Mdogo wangu: Pole shangazi ❤️

Baba: Na lile la pili?

Shangazi: Nalo nimefungua, wote wakiwa wametoka chumbani. Liko salama

Mama: Wifi bahasha imenifikia. Nimeiweka