Mnamtazama nini farasi kabla ya Kentucky Derby?

Swali (Wete): Asalaam alaykum. Kamari sichezi, napenda farasi tu. Derby, mbio za farasi za Marekani, kwetu huangukia karibu saa nane usiku, na mimi hukesha. Farasi wote wana miaka mitatu; mnamjuaje wa kushinda?

Jibu (Mkoani): Waalaykumu salaam. Tazama mita 400 za mwisho za mbio zake zilizopita. Derby ni mita 2,000 na kidogo, wengi hawajawahi kukimbia masafa hayo. Nimefuga punda wa gari miaka mingi: akichoka, kichwa huanza kupanda na kushuka kabla miguu haijalegea. Kwa farasi naangalia hilohilo.

Jibu (Chake Chake): Lakini 2022 farasi Rich Strike alipata nafasi siku moja kabla, mwenzake alipotolewa. Akatoka nyuma, akawapita wote!

Muulizaji: Ahsanteni ndugu zangu. Kichwa nitakitazama.