Mwani wa kaulapa umepauka ghafla

Swali, Ujiji: Ndugu zangu, nafuga samaki wa bahari kwenye akwariamu (tangi la kioo), pamoja na kaulapa, mwani wa bahari unaosafisha maji. Kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi, ninachanganya chumvi ya bahari ya akwariamu, gramu 35 kwa lita. Mwani uliostawi vizuri umepauka usiku mmoja, na maji yamekuwa kama maziwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole sana. Mwani huo umezaa: usipopunguzwa kwa muda mrefu, au ukipata mshtuko, humwaga mbegu zake majini na kufa, kisha naitrati (uchafu utokanao na kinyesi cha samaki) uliyofyonza hurudi kwenye maji ya samaki. Toa mabaki leo, ubadilishe sehemu ya maji.

Jibu: Mimi nilihamia ketomofa, mwani mwingine wa bahari, yenye nyuzi ngumu kama nailoni iliyovurugika. Huichambua kwa vidole kila wiki.

Mwulizaji: Ahsanteni. Nimetoa nusu ndoo. Ulikuwa ukinuka kama dagaa waliolala.