Msaada: chokoleti na pasheni kwenye glasi, Jumamosi natimiza miaka kumi ya ndoa

Baba Nuru, Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi hii mimi na mama Nuru tunatimiza miaka kumi tangu tuoane. Mara ya kwanza kutoka naye, nilimpeleka hoteli moja pale mjini akaagiza kitu kwenye glasi ndefu: chini chokoleti nyeusi nzito, katikati pasheni ya njano, juu krimu nyeupe. Mfukoni nilikuwa na hela ya glasi moja tu. Nikamwambia mimi sili vitu vitamu. Mpaka leo akinikuta nalamba sukari ya maandazi ananikumbusha.

Safari hii nataka nitengeneze mwenyewe, glasi mbili. Oveni hatuna. Friji ipo, na kazi yangu ni ufundi friji, ila mnajua habari za mganga na kujiganga: mpira wa mlango umechoka tangu Ramadhani na sijaubadilisha.

Jana mama Nuru alikuwa zamu ya usiku, nikajaribu. Chokoleti niliiweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, ikayeyuka, inang'aa kabisa. Nikachukua kijiko nilichotoka kukisuuza nikakoroga. Papo hapo ikajikunja, ikawa kama udongo wa kufinyangia. Nikaongeza moto, ikazidi. Pasheni nikaichanganya na maziwa ya moto, yakakatika yote. Krimu nimeichapa kwa mchapo dakika ishirini mpaka mkono ukafa ganzi, ikabaki maji vilevile.

Nakosea wapi? Na umeme ukikatika Jumamosi, hicho kitu kitasimama? Naomba msiniambie ninunue keki.

Mpenda Pilau

Nunua keki mkuu.

Mamakeki Ngamiani

Baba Nuru, hongera, miaka kumi si mchezo. Huyo hapo juu mwache.

Kilichokuharibia chokoleti ni kile kijiko. Chokoleti iliyoyeyuka ni mafuta yenye unga wa kakao na sukari ndani yake, na tone moja la maji linatosha kuufanya ule unga ushikane mabonge. Hata mvuke wa sufuria unatosha. Ikishajikunja usiongeze moto. Mimina krimu ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, italegea iwe mchuzi mzito. Ajabu yake ndiyo hiyo, maji machache yanaiua na mengi yanaifufua.

Jumamosi wala usihangaike na bakuli juu ya mvuke. Katakata chokoleti gramu 150 ndogondogo. Chemsha krimu mililita 100 mpaka ianze kutoa povu pembeni, mwagia juu yake, funika dakika tatu bila kugusa, halafu koroga kuanzia katikati ukienda nje. Wengi huweka krimu sawa kwa sawa na chokoleti, lakini kwa joto la Dar mimi hupunguza krimu, isije ikageuka supu mezani.

Pasheni ina uchachu, na uchachu ndio unaokata maziwa, kwa hiyo usizikutanishe. Ifanye jeli peke yake. Tafuta unga wa agari, huku Tanga wengine tunaiita chaina grasi. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji mililita 200 na sukari vijiko vitatu vya mezani, chemsha dakika mbili ukikoroga. Ipua, ndipo utie juisi ya pasheni nane uliyochuja. Juisi isitoke kwenye friji, itagandisha agari mabonge kabla hujamimina. Na usiichemshe juisi pamoja na agari, ule uchachu unaidhoofisha.

Umeme usikutie hofu. Agari inaganda hapohapo mezani ikipoa, na ikishaganda haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80.

Ya krimu unaijua wewe kuliko mimi, fundi. Mafuta yake yakiwa ya uvuguvugu hayashiki hewa. Angalia pakiti, mafuta yawe asilimia 35 hivi. Weka krimu, bakuli na mchapo kwenye friji usiku kucha, na wakati wa kuchapa bakuli likae juu ya barafu. Na huo mpira wa mlango, jamani!

Mwana wa Kyela

Mnajadili chokoleti bila sisi tunaolima kakao? Kaka, soma pakiti kabla ya kununua. Kama imeandikwa mafuta ya mawese au mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, hiyo inakuja na ladha ya mshumaa. Tena chagua nyeusi isiyo na sukari nyingi, kwa sababu jeli ya pasheni tayari ina sukari yake.

Watoto wa kwetu hawajali chokoleti. Wao wanafyonza ule utando mweupe unaozunguka mbegu mbichi, mtamu wenye uchachu kidogo, mbegu wanatema. Siku ukifika Kyela mlete shemeji aonje.

Swaleh wa Kisauni

Na nanasi je? Mie nilitia nanasi bichi kwenye jeli ya pakiti siku ya posa ya ndugu yangu, ikakataa kuganda kabisa. Wageni wakainywa kama sharubati.

Mamakeki Ngamiani

Pole Swaleh. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula jelatini, ile inayogandisha jeli yako ya pakiti. Ulichemshe kwanza, au utumie agari, ambayo hutokana na mwani na nanasi haliiwezi.

Baba Nuru, Mbagala

Wakuu, mrejesho. Ile ya kwanza nilimimina chokoleti ikiwa bado ya moto juu ya jeli, ikatoboa ikazama katikati kama gari kwenye tope. Hiyo akala Nuru, akasema ndiyo nzuri kuliko zote. Mbili zilizofuata niliiacha chokoleti ipoe mpaka nikigusa bakuli kwa nje sisikii moto, nikamimina kupitia mgongo wa kijiko. Zikakaa.

Umeme ulikatika saa moja na robo, mama Nuru bado yuko kwenye daladala. Krimu ikaanza kunywea, chokoleti ikawa laini, pasheni haikutikisika. Tukala kwa mshumaa, akadhani nimepanga, na sikumkatalia.

Alimaliza yake, akaanza kuiangalia yangu. Nikamsogezea, nikamwambia mimi sili vitu vitamu. Amecheka mpaka Nuru akaamka.

Mamakeki, unga wa agari umebaki karibu pakiti nzima. Nifanyie nini?

Mamakeki Ngamiani

Faluda. Ila kwanza mpira wa friji.

Mpenda Pilau

Mkuu, naomba vipimo tena, polepole. Wangu ni tarehe 20.