Usimpe mwenye skrap kitu kwanza

*Kikundi: Familia ya Njoro*

Kamau: Hamjambo wote. Vijana wanachimba msingi wa zizi pale juu kwenye mikalitusi, palipokuwa na nyumba ya mzungu. Kila wakipiga sururu chuma kinatoka. Natuma picha. Mwenye skrap, yule anayenunua chuma chakavu, yuko getini na mizani yake. Nimpe vyote?

Baba Mdogo: Usimpe kitu kwanza. Mwambie angoje.

Wanjiku: Picha ya pili ni kifuniko cha taa? Naona bati lenye umbo la pia, na vitundu.

Baba Mdogo: Si taa, Wanjiku. Hiyo ni sahani ya mashine ya kutenga krimu. Kamau, pangusa ukingo kwa kidole, uangalie kama kuna nambari imegongwa.

Kamau: Ipo. 14.

Baba Mdogo: Basi zenzake ziko hapo hapo ardhini, wachimbe polepole. Zilikuwa zinapangwa moja juu ya nyingine ndani ya bakuli, unazungusha mkono wa mashine mpaka jasho likutoke. Maziwa yakienda kasi, yaliyo mazito yanasukumwa pembeni na krimu, kwa kuwa ni nyepesi, inakusanyika katikati. Enzi zile maziwa mabichi yangechacha kabla ya kufika mbali, kwa hiyo wazungu wengi wenye mashamba waliuza krimu, inapanda treni kwa makopo. KCC yenyewe, ule ushirika wa krimu na maziwa, ilianzishwa 1925 na wakulima hao hao. Maziwa yaliyobaki yalinywewa na ndama na nguruwe.

Kamau: Na huu mnyororo? Watu wawili wameubeba kwa shida.

Baba Mdogo: Huo ni wa maksai. Ulipita katikati ya jozi, na nira zikafungwa humo. Gari moja lenye mzigo lingeweza kuvutwa na maksai 16. Kabla ya matrekta hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya bonde hili. Weka kando. Sasa tafuta sumaku upitishe juu ya vingine vyote. Kisichonasa huenda ni shaba au alumini, usikichanganye na chuma. Na kile kipande kinene kilichovunjika, ukiona ndani pana chembechembe za kijivu, hicho ni chuma cha kusubu. Usikigonge nyundo, kitapasuka kama chungu.

Shemeji Otieno: Habari za huko. Hiyo sarafu yenye tundu kwenye picha, loweka kwa siki, halafu brashi ya waya. Itang'aa.

Baba Mdogo: Shemeji, hapana, tafadhali. Brashi ya waya inakula maandishi, na maandishi ndiyo yanayotusaidia. Maji tu na kitambaa laini. Kamau, soma mwaka.

Kamau: Senti 10, East Africa, 1936. Haina kichwa cha mfalme.

Wanjiku: Zenye tundu hazikuwekwa sura, ziliwekwa taji na jina. Kama jina ni EDWARDVS VIII, huyo ni yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti Desemba mwaka huo huo. Lakini jamani, haituambii kwamba ilianguka 1936. Sarafu hizo ziliendelea kutumika mpaka tukapata za Kenya katika miaka ya 60. Inatuambia tu haikuanguka kabla ya hapo.

Kamau: Sawa. Kuna hiki pia. Hakikutoka kwa msingi. Kijana mmoja wa hawa wanaochimba alikiokota asubuhi kule chini, karibu na mto. Kibati bapa, kinaenea kiganjani, kifuniko kimeganda kwa kutu, juu kina vitanzi vya kupitisha uzi. Mwenye skrap anasema ni kopo la tumbaku, hata hakipimi.

Shangazi: Kamau, tuma picha ya juu yake. Karibu.

Shangazi: Hilo si kopo la tumbaku. Ni kasha la kipande. Baba yetu alikuwa nalo, na hata baada ya sheria kuondolewa lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Tangu 1920 kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara, na karatasi hiyo ilikaa ndani ya kasha kama hilo, shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, huendi kokote. Ukiondoka, karatasi ndiyo inayokukamatisha. Harry Thuku, mwanasiasa wa enzi hizo, alipinga jambo hilo mpaka akakamatwa 1922. Wazungu hawakuvaa. Ndiyo maana halikutoka juu kwenye nyumba. Kule chini mtoni ndiko kulikokuwa na laini ya vibarua, yaani makao yao.

Wanjiku: Shangazi, linaweza kuwa la babu?

Shangazi: Hapana. Baba alifanya kazi Molo. Hapa alikuja baada ya Uhuru, aliponunua hisa za shamba. Hili ni la mtu mwingine.

Baba Mdogo: Kamau, usilifungue kwa bisibisi. Kama karatasi imebaki ndani, itatoka unga. Liweke kwa sanduku kavu, usilioshe. Na huyo kijana akuonyeshe mahali penyewe, upige picha na uchomeke kijiti. Tukishasahau lilipotoka, linakuwa bati tu.

Kamau: Nimemuuliza. Anasema babu yake alizaliwa hapo laini, na bado yuko hai.

Shangazi: Basi si letu. Mpe kijana alipeleke kwa babu yake leo, na wewe uende naye umsalimie mzee kwa niaba yetu. Mweleze kwamba tusingependa lifunguliwe kwa nguvu. Akitaka, Wanjiku atamsindikiza makumbusho ya Hyrax Hill, pale Nakuru, waulize namna ya kulifungua. Akikataa, ni lake.

Wanjiku: Niko huru Jumanne na Alhamisi.

Kamau: Sawa Shangazi. Mwenye skrap nimempa seng'enge na mabati yaliyotoboka, ameenda. Sahani za krimu zimefika tisa.