Naomba ushauri: namba 4,294,967,297 imeniaibisha kwa mpwa wangu

Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu wa kidato cha pili kaniletea namba kwenye kipande cha daftari: 4,294,967,297. "Mjomba, hii ni namba tasa?" Nikajaribu kugawa kwa 3, kwa 7, kwa 11, nikachoka, nikamwambia ndiyo. Aibu yangu.

Kumbe ni 2 kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hesabu kuliko kesi, aliamini namba za ukoo huo (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kipeo kikiongezeka mara mbili, ukijumlisha 1) zote ni tasa, kwa sababu 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaipasua hii ya mpwa wangu: 641 × 6,700,417. Nimezidisha kwa mkono, imekubali.

Nilipokwama ni hapa. Nimesoma kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano tu! Lakini kwa nini 64? Maelezo niliyopata yanaruka hatua kama vile msomaji alishazaliwa anajua.

Anayejua hesabu za mabaki anisaidie kwa lugha ya kidato cha pili. Na 6,700,417 nitathibitishaje ni tasa bila kompyuta? Kipeuo chake cha pili ni kama 2,588. Niendelee na kanuni ileile ya 64 mpaka hapo, au kuna njia fupi zaidi? Dogo anarudi Jumamosi.