Ukoo wa Uyole: maharage ya tangu saa nne

*Jumamosi, Julai*

Mama Pacha: Jamani za mchana. Shikamooni wakubwa wote. Naomba kuuliza, maharage ya huku Mbeya yana nini? Nimeinjika saa nne asubuhi, sasa hivi saa nane kasoro. Nimebonyeza punje moja, ndani kokoto.

Mama Pacha: [Picha]

Mama Pacha: Oneni wenyewe. Ganda limeshavuka, tumbo la harage halijasikia chochote.

Kaka Mkubwa: Pole shemeji. Mimi huku Mbagala jana niliinjika saa sita, nikaenda kunyoa, narudi yanapasuka.

Mama Pacha: Ndo nasema sasa! Kwetu Tanga mama alikuwa anabandika tukitoka shule, adhana ya alasiri inatukuta tunanawa mikono. Huku mtoto anaweza kuanza kutambaa sufuria liko jikoni.

Mama: Marahaba mwanangu. Ulinunua wapi?

Mama Pacha: Mwanjelwa, Mama. Yule mama aliniapia kabisa ni ya msimu huu. Jumatatu namrudishia.

Mama: Usimwendee kwanza.

Baba: Mwambieni Mama Pacha apunguze moto.

Dada Nesi: Wifi, Baba anasema upunguze moto.

Mama Pacha: Wifi mwambie Baba nimesikia, nashukuru.

Binti wa Shangazi: Samahani, mbona wote mko humu humu? Si ameona?

Mama: Ameona mjukuu wangu. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawasemezani uso kwa uso, hata chumba kimoja hawakai. Ni heshima. Mama Pacha katoka Tanga, hakuna aliyemlazimisha, kaishika mwenyewe. Mwaka jana Babu yako alipoumwa mguu, uji ulikuja kila asubuhi miezi miwili, umebebwa na pacha. Simu nayo tumeihesabu kuwa ni chumba.

Binti wa Shangazi: Aah. Nimeelewa Bibi. Asante.

Shangazi Iringa: Kamwene nyote. Mama Pacha usihuzunike, Iringa ni hivyo hivyo. Mimi naloweka toka usiku, asubuhi namwaga yale maji naweka mengine. Nisipoloweka watoto wanalala na mkate.

Mjomba Kyela: Ugonile wote. Njooni Kyela jamani. Huku ukishapuliza jiko maharage yanaogopa yenyewe.

Mwalimu: Shikamooni. Ndo natoka kusimamia mitihani. Shemeji, msamehe yule mama wa Mwanjelwa. Huo ni mlima.

Mama Pacha: Mlima gani tena shemeji?

Mwalimu: Mnaokaa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Uyole mmepanda zaidi kidogo. Hewa inayokandamiza maji ni kidogo kuliko ya Tanga, kwa hiyo maji yanawahi kuchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Tanga yanachemka kwenye nyuzi 100, hapo kwenu kwenye 94 hivi. Kila ukipanda mita 300 unapoteza kama nyuzi moja.

Mama Pacha: Kabla hayajawa moto? Shemeji, maji yanatokota tangu asubuhi, mvuke umefika sebuleni!

Mwalimu: Yanatokota ndiyo, ila kwa nyuzi 94. Na yakishatokota hayapandi tena. Ukiongeza mkaa unakausha maji tu, harage linapata joto lile lile. Baba yuko sahihi kabisa.

Mwalimu: Nilikuwa na Kidato cha Pili maabara hapa Njombe. Tumechemsha maji, kipimajoto ndani, wote macho kwenye 100 kama kitabu kinavyosema. Kikafika 93 na kitu kikagoma. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, kimepigwa na baridi." Nikaleta cha pili, nacho kikasimama pale pale. Darasa zima lilipanda kwenye viti kuchungulia. Sijawahi kuona watoto wanagombania kuona maji ya moto.

Mama: Weee. Mimi miaka yote hii nilijua maharage ya pwani ni laini kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Kaka Mkubwa: Mimi nilijua ni mkaa wa Dar 😂

Mama Pacha: Basi nimekumbuka na yale mafuta ya nazi! Mama yangu alinijazia chupa ile ya maji ya lita moja na nusu. Yametoka Tanga yanamiminika, yamefika Uyole yamekuwa mshumaa. Mdomo wa chupa mdogo, hayatoki. Nimeyaanika juani, jua la huku Julai ni la kuangalia. Nikayaweka kwapani kama ninampima mtoto homa. Mwisho nimekata chupa kwa kisu, nachota kwa kijiko.

Mwalimu: Yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda. Uyole mwezi huu hata saa saba mchana siku nyingi hamfiki hapo.

Mjomba Kyela: Kumbe ndo kesi yangu ya mawese hiyo. Nawatumia ndoo yanang'aa mekundu, mnanipigia simu, "Mjomba umetutumia kitu gani kizito hivi?" Naumia moyoni. Mawese nimekamua mwenyewe.

Mama: Pole kaka. Tulisema umechanganya na unga.

Mjomba Kyela: Dada!

Mama: Nisamehe. Yalikuwa mazuri, tuliyamaliza.

Kaka Mkubwa: Na mimi niombewe haki. Desemba nilibeba krispi za watoto kutoka Dar. Nafungua begi Uyole, pakiti zote zimevimba kama puto. Dada Nesi akazichukua pakiti kumi na mbili akazitia shimoni, watoto wanalia.

Dada Nesi: Kaka, kitu kilichovimba simpi mtoto. Kopo likivimba ni hatari.

Mwalimu: Kopo kweli Dada, endelea kutupa. Krispi ni ile hewa waliyoifungia kule chini. Huku juu hewa ya nje ni nyepesi, ya ndani inatanuka. Krispi zilikuwa nzima.

Kaka Mkubwa: Kumi na mbili jamani.

Dada Nesi: Desemba hii nanunua mimi. Niwaombe radhi wale watoto.

Baba Pacha: Niko foleni Tunduma nasoma yote. Hata chupa ya maji. Nimeimalizia Uyole, nikaifunga vizuri, nikapanda kwenda Kyela kumwona Mjomba. Kufika Kyela imebonyea katikati kama imekaliwa. Nilimtazama vibaya sana yule mzee wa siti ya pembeni. Na aliniaga kwa upole kabisa.

Mwalimu: Hiyo ndo krispi ikishuka mlima.

Mjomba Kyela: Mimi nawajua watu wa Uyole kwa makoti. Isongole wamejifunga mpaka shingoni. Tukuyu wanafungua zipu. Stendi ya Kyela koti liko begani, anauliza maji ya baridi yanauzwa wapi. Na bado saa tatu hazijapita tangu atoke kwao anapuliza vidole.

Shangazi Iringa: Na asubuhi hizi mmepima maji ya kuoga? Mimi naona mume wangu anaingia bafuni na ndoo ya moto, anasimama anaitazama kwanza kama mtu anayesaini mkataba.

Dada Nesi: Tukiwa kwenye baridi nina neno, na naomba kila mmoja asome. Jiko la mkaa lisiingie chumbani usiku. Hata likiwa limebaki majivu na kaa mbili. Ile hewa yake haina harufu, unalala huamki. Kila kipupwe tunapokea watu, wengine familia nzima. Vaeni masweta, ongezeni blanketi, jiko libaki nje.

Mama: Nimesikia mwanangu. Letu linalala uani.

Shangazi Iringa: Letu nalitoa sasa hivi naenda.

Baba Pacha: Mama Pacha, la kwetu?

Mama Pacha: Liko kibarazani baba, na maharage yake juu.

Mama: Haya, turudi hapo. Mwanangu, magadi umetia?

Mama Pacha: Kidogo, Mama.

Mama: Nyanya je?

Mama Pacha: Nimetia.

Mama: Saa ngapi?

*Mama Pacha anaandika…*

Mama Pacha: Ujumbe huu umefutwa

Mama Pacha: Mwanzoni, Mama. Pamoja na kitunguu. Nilitaka yavute ladha vizuri.

Mama: Aaa mwanangu 😂 Nyanya inakaza harage. Kwanza liive kwa maji matupu, nyanya inakuja mwishoni na nazi yako.

Mwalimu: Mama kapiga. Ile asidi ya nyanya inalizuia ganda lisilainike. Mlima na nyanya vimekutana kwenye sufuria moja.

Mama Pacha: Na kwetu mama anatia mwanzoni, yanaiva!

Mama: Kwenu bahari inamsaidia. Sasa fanya hivi. Chota zile nyanya zilizobaki, weka maji ya moto, usiweke ya baridi. Funika, juu ya mfuniko weka jiwe.

Binti wa Shangazi: Jiwe, Bibi?

Mama: Jiwe. Mama yangu alikuwa na lake, jeusi, la mtoni, lilikuwa linaoshwa na vyombo. Tukihama linabebwa. Nikimuuliza anasema linazuia utamu usitoroke.

Mwalimu: Linazuia mvuke kidogo Mama, joto linabaki ndani. Yale masufuria ya presha yanafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, maji yanapita hata 100. Bibi alikuwa kwenye njia.

Mama: Jiwe lenyewe lipo. Liko kwangu chini ya kabati. Mtume pacha mmoja aje alichukue.

Mama Pacha: Wanakuja wote wawili, wanakimbia.

Mama Pacha: [Picha]

Mama Pacha: Jiwe limefika. Zito! Limeng'aa kwa juu kama limepakwa mafuta.

Mama: Mikono ya mama yangu hiyo.

*Saa kumi na moja na nusu*

Mama Pacha: YAMEIVA. Nimetia nazi, nimekoleza chumvi, yamelala kama uji. Baba Pacha wa kwako nimekuwekea. Mama, nimewatuma pacha na bakuli la bluu, lile lenye mfuniko, la kwenu wawili. Liko moto, wapokee mlangoni.

Mama: Limefika. Wali nilikuwa nao tayari, wa Kyela.

Mjomba Kyela: Huo mchele ni wangu, mseme 😄

Kaka Mkubwa: Picha basi tule kwa macho.

Mama: Sina picha, nina mdomo umejaa.

Baba: Mwambieni Mama Pacha bakuli linarudi. Nimeweka maparachichi sita. Mawili bado magumu, ayafukie kwenye unga mpaka Jumatano.

Dada Nesi: Wifi, Baba anasema maparachichi sita, mawili ufukie kwenye unga.

Mama Pacha: Mwambie Baba nimeyapokea. Na lile bakuli limekuja limefutwa safi, hata nazi ya pembeni haikubaki.

Baba: Mwambieni Jumamosi ijayo naye aje na jiwe lile lile.